Tupu au Wazi? Ishara Zisizo za Maneno katika Filamu kuhusu Mabaki ya Mababu wa Old Moshi na Kwingineko

Filamu ni sanaa ya kuonesha, na kwa sababu hiyo hukabiliwa na mtihani mgumu pale ambapo kitu inachokisimulia hakipo. Old Moshi ni mahali pa mtihani huo. Tarehe 2 Machi 1900 utawala wa Kijerumani ulimnyonga hapo Mangi Meli pamoja na wenzake 18, miongoni mwao Mangi Lobulu wa Meru. Masimulizi ya wenyeji yanashikilia kwamba kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mti wa kunyongea ungalipo, kichwa hakijapatikana. Mwongozaji wa filamu anayefika hapo ana mti, ana wazao na ana mlima nyuma yao, lakini hana kile ambacho kisa chenyewe kinakihusu. Makala haya yanadai kwamba pengo hilo husimuliwa vyema zaidi linapoachwa lionekane kuwa pengo, na kwamba ishara zinazolibeba zina wazungumzaji wake, kama ilivyo kwa lugha yoyote.

Kwamba picha hupata maana kutokana na jirani yake ni kanuni inayohusishwa na majaribio ya Lev Kuleshov nchini Urusi. Uso uleule wa mwigizaji, ukiunganishwa na bakuli la supu, hufasiriwa kuwa wa njaa; ukiunganishwa na jeneza, huwa wa huzuni. Kanuni hii huhusu pia kinachoachwa nje ya fremu. Katika The Snows of Kilimanjaro ya Henry King (1952), mlima unaunganishwa na uso wa Gregory Peck, mwandishi aliyelala kambini akiuguza mguu. Kwa muungano huo Kilimanjaro unageuka kioo cha nafsi ya Mmarekani mmoja. Vihamba, mifereji na watu wa miteremkoni havihitajiki ili maana hiyo ikamilike. Hapa pia pana utupu, lakini ni utupu usiojitambua.

Mangi Meli Remains, kazi ya Konradin Kunze iliyooneshwa Berlin mwaka 2018 na kufika Old Moshi mwaka 2019, inashika njia tofauti. Inasimulia maisha na kifo cha Mangi kwa michoro mjongeo. Uteuzi wa mbinu hii una uzito wa kimaadili. Picha ya kikoloni, sawa na fuvu lililopimwa na kupewa namba, ilidai kuwa ushahidi usiobishaniwa. Mstari uliochorwa haudai hivyo. Unakiri kwamba mkono wa mtu umeupitisha pale ambapo hapakuwa na picha, na kwa kukiri huko unamwachia mtazamaji wa Old Moshi nafasi ya kuulinganisha na alichosimuliwa na bibi yake.

Katika Kaburi Wazi ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay, iliyozinduliwa katika Tamasha la Filamu la Berlin mwaka 2024, suala hili linaanzia kwenye jina. Filamu hiyo ya hali halisi inafuata familia mbili: ya Mbano wa Songea, ambayo mhenga wake, Nduna Songea Mbano, alinyongwa mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji, na ya Kaaya wa Meru, inayotafuta mabaki ya Mangi Lobulu. Majina ya filamu kwa Kijerumani na Kiingereza yanasema kaburi ni tupu. Kiswahili nacho kingeweza kusema hivyo, lakini kimesema wazi. Kitu kitupu hakina kilichomo, basi. Kitu kilicho wazi hakijafungwa, kama mlango au nafasi inayongoja mwenyewe. Tena wazi ni dhahiri, kisichofichika. Muundo wa filamu unatii jina la Kiswahili zaidi kuliko yale mengine. Uhariri unavuka kutoka Tanzania hadi Ujerumani na kurudi: nyumbani wazao ni wenyeji wanaopokea wageni, Berlin ni wageni wanaosubiri kupokewa. Mgeuko huo wa hadhi unasomeka bila msimulizi. Na kwa kuwa mabaki hayajarudi, filamu haiwezi kufungwa kwa maziko.

Hata hivyo, si kila ishara husomwa na kila mtazamaji. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha kwa maneno. Maneno hutafsirika. Lakini miteremkoni mwa Kilimanjaro ombi la msamaha huanzia mkononi: mkosaji hupeleka jani la sale, na aliyekosewa huona vigumu kulikataa. Mmea huohuo huoteshwa mipakani na makaburini, na katika mila za zamani fuvu la mzee wa ukoo liliweza kufukuliwa na kutunzwa kihambani. Kamera inapopita kwenye masale, mtazamaji wa Berlin huona kijani kibichi. Wa Old Moshi huona mpaka, kaburi na upatanisho. Maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya picha hayana la kusema kuhusu jani hilo. Filamu inayotegemea machozi na picha za karibu za nyuso pekee itaeleweka kote, lakini itakuwa imezungumza kwa msamiati mdogo.

Inaweza kupingwa kwamba kutoonesha mafuvu ni kulipunguza makali kosa lenyewe. Pingamizi hilo si dogo: zaidi ya mafuvu 1,000 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani yamewekwa chini ya taasisi ya urithi wa Prussia jijini Berlin. Lakini mafuvu hayo yalikusanywa ili yatazamwe. Kuyasogezea kamera tena ni kuurudia mtazamo uleule, hata kama nia imebadilika. Uso wa mzao anayetazama, ukiunganishwa na mahali pasipo na kitu, humpa mtazamaji kazi ambayo fuvu lisingempa: kuuliza kilichopaswa kuwapo ni nini, na nani anakishikilia. Kwa uhakiki wa filamu kwa Kiswahili, kazi iliyobaki ni kuzieleza ishara kama sale kwa umakini uleule unaopewa methali na mafumbo, kabla hazijapita kwenye skrini kama mandhari tu.