Heko kwa Wachomaji wa Cardington

Wako watu waliochoma ofisi kwa makusudi, nao wanastahili pongezi. Katikati ya miaka ya 1990, ndani ya banda la zamani la ndege-puto huko Cardington, Uingereza, watafiti walisimamisha jengo la chuma la ghorofa 8, wakatandaza mifuko ya mchanga kuwakilisha mzigo, wakajaza meza, makaratasi na kompyuta, kisha wakatia kiberiti.

Chuma kikifika nyuzi 600 za Selsiasi hubaki na karibu nusu tu ya nguvu zake. Katika moto huo, baadhi ya mihimili isiyokingwa dhidi ya joto ilipita nyuzi 1,000, ikapinda vibaya.

Sakafu haikuanguka! Zege na wavu wake wa nondo vilibonyea kama turubai lililobeba maji ya mvua, vikahamishia uzito pembeni. Tanuri la maabara, linalojaribu mhimili mmoja mmoja, lisingeonyesha hilo. Leo wahandisi hutumia matokeo hayo kuchagua mihimili ya kukinga. Nguzo hazifanyiwi mzaha: hizo hukingwa.