Pongezi kwa Anayeokota Mbegu

Mwanafunzi wa sanaa anayekaa barazani Mafiga, Morogoro, akichora tunda kavu la mkangazi anafanya kazi nzito, nami nampongeza kwa moyo wote. Tunda hilo ni gumu. Likikauka hupasuka vipande vinne au vitano, na ndani mna mbegu bapa, nyembamba, zilizolaliana kwa safu. Anayezichora moja moja hulijua tunda kuliko sisi tunaolikanyaga. Kisha hubandika nyuzi za mkonge, zao ambalo Morogoro inalifahamu vizuri, hupaka udongo mwekundu uliokorogwa na gundi, na huchana gazeti kuukuu likawa kivuli. Udongo ukizidi, kazi yote hupata nyufa.

Wapo wanaosema anachezea takataka. Wamtazame Rosemary Karuga, mzaliwa wa Meru, Kenya, mwaka 1928. Alisoma Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, mwanamke wa kwanza katika shule ile ya sanaa, kisha akafundisha miaka mingi. Alipostaafu, rangi zikiwa ghali kwake, alikatakata karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akaunda ndege, wanyama na watu wa kijijini. Kazi zake zilifika hadi Paris!

Bagamoyo nako kipo chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981, leo TaSUBa, kinachofundisha vijana wa namna hii. Basi wazazi wenzangu, mtoto akirudi kutoka njia za milima ya Uluguru na mfuko wa maganda ya mbegu, msiyatupe. Mpeni meza.