Kupima Kabla ya Kufungua

Injini ya Étienne Lenoir ya mwaka 1860, iliyokuwa ya kwanza katika injini za gesi kupata soko, iliwasha mchanganyiko wa gesi na hewa bila kuubana kwanza, na kwa sababu hiyo ilikula gesi nyingi ikatoa nguvu kidogo. Alphonse Beau de Rochas alieleza kwa maandishi mwaka 1862 kwamba mchanganyiko huo unapaswa kubanwa kabla ya kuwashwa, na mwaka 1876 Nikolaus Otto akaunda injini ya mapigo manne iliyolifanya jambo hilo kuwa kazi ya kila siku. Tangu hapo injini ya petroli huishi kwa tendo moja: pistoni hupanda, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, na kuibana hewa yenye petroli katika nafasi finyu iliyo chini ya plagi. Tendo hilo ndilo kompresheni, na ufundi wa kulipima na kulirejesha katika gari la zamani unastahili sifa kubwa kuliko unavyopewa, kwa maana ni ufundi wa kujua kilichomo ndani ya chuma kabla ya kukifungua.

Katika Afrika Mashariki ni vigumu kupata gari la zamani linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko Peugeot 404. Gari hili, lililozinduliwa Ufaransa mwaka 1960 likiwa na bodi iliyochorwa na Pininfarina, lilishinda Safari Rally mara nne, yaani 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa miaka miwili ya katikati uliletwa na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Mwaka 1963 na tena 1968 ni magari saba tu yaliyomaliza mashindano hayo. Injini yake ya silinda nne, yenye sentimita za ujazo 1,618, iliundwa kwa namna inayomkubali fundi. Kila pistoni, yenye kipenyo cha milimita 84, hupanda na kushuka ndani ya slivu, yaani bomba la chuma linalochomekwa kwenye bloku na kuzungukwa moja kwa moja na maji ya kupozea, hivi kwamba slivu ikilika hutolewa na kuwekwa nyingine, bila bloku kupelekwa kwenye mashine ya kuchonga.

Upimaji wenyewe huonekana mwepesi, na wepesi huo ndio huwapoteza wengi. Injini hupashwa kwanza hadi ifikie joto lake la kazi, kwa sababu chuma baridi hakijatanuka na oili nzito huziba mianya ambayo itafunguka barabarani. Betri huwa imejaa. Plagi zote nne hutolewa ili starta isisukumane na silinda ambazo hazipimwi. Waya wa koili hutenganishwa ili pasiwe na cheche. Na pedali ya mafuta hukanyagwa hadi mwisho, maana kabureta iliyofungwa huinyima silinda hewa, na silinda iliyonyimwa hewa haina cha kubana. Fundi anayesahau hatua hii ya mwisho atapata namba za chini katika silinda zote nne, na huenda akaihukumu kufa injini iliyo nzima. Kisha geji hufungwa kwenye tundu la plagi, starta huzungushwa, na mshale hutazamwa tangu pigo la kwanza: silinda yenye afya huurusha juu papo hapo na kuufikisha kileleni kwa mapigo machache, ilhali ile iliyochoka huupandisha kwa kusitasita, hata kama mwishoni itafika karibu na wenzake.

Namba inayosomwa haiwezi kutengwa na mahali iliposomewa. Silinda huanza kubana hewa kwa kanieneo ya mahali ilipo, na Nairobi, iliyo takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina kanieneo ya hewa inayokaribia asilimia 82 ya ile ya pwani. Kwa hiyo injini inayoonyesha pauni 150 kwa inchi ya mraba mjini Mombasa itaonyesha karibu 123 ikipimwa Nairobi kesho yake, bila chochote kuharibika njiani, na ni jambo la kusikitisha kwamba injini hufunguliwa kwa kosa la mwinuko wa nchi. Fundi mwenye busara huiheshimu namba ya kitabu, lakini hukumu yake huijenga juu ya ulinganifu wa silinda zenyewe: ya chini isipungue robo tatu ya ile ya juu, na tofauti ikivuka asilimia 15, chanzo chake kitafutwe.

Kutafuta chanzo ndiko kunakompambanua fundi na mbadilisha vipuri. Kijiko cha oili humiminwa kwenye silinda dhaifu na kipimo kurudiwa. Namba ikipanda sana, oili imeziba kwa muda mwanya wa ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, na isipopanda, lawama huelekea kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Katika 404 injini imelazwa kwa pembe ya digrii 45, oili hukimbilia upande wa chini wa pistoni, na usipoizungusha injini kidogo ili oili ienee, jaribio hili huweza kudanganya. Yapo pia majaribio ya kusikiliza, ambamo hewa ya kompresa huingizwa katika silinda, pistoni ikiwa imezuiwa kileleni na valvu zimefungwa: mlio ukisikika kwenye kabureta, valvu ya kuingizia inavuja; kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea; kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi; na maji ya rejeta yakitoa mapovu, ni gasketi. Hakuna uchunguzi mzuri kuliko huu katika gereji yote, na unahitaji sikio tulivu tu.

Tiba huanza na kilicho chepesi. Tapeti, yaani nafasi iliyoachwa kati ya roka na mkia wa valvu, ikibana mno, valvu haikai sawasawa kwenye kiti chake na kompresheni huvuja. Jambo hili lilipata uzito mpya petroli yenye risasi ilipoondolewa sokoni katika ukanda huu kufikia 2006, kwa kuwa risasi ilikuwa ikivilinda viti vya valvu za kutolea, na kiti kinapolika valvu huzama na nafasi ya tapeti hupotea. Tapeti ikiwa sawa na bado silinda inavuja, hedi hutolewa na valvu husagwa: uji mzito wenye chembe ngumu hupakwa kwenye ukingo, valvu ikazungushwa mbele na nyuma na kuinuliwa mara kwa mara, hadi mkanda mwembamba wa kijivu, usiokatika popote, uonekane kwenye valvu na kwenye kiti. Kazi hii haikubali haraka. Baadaye mafuta ya taa humiminwa juu ya valvu zilizofungwa, na tone likipenya, usagaji huanza tena.

Hedi ikiwa nje, kranki isizungushwe kabla slivu hazijafungiwa kwa vibano, kwa sababu pistoni inayopanda huweza kuinua slivu, muhuri wa chini ukaachia na maji yakaingia kwenye oili. Ringi mpya nazo hupimwa moja moja ndani ya slivu itakayozibeba, zikisukumwa na kichwa cha pistoni ili zikae mraba, na mwanya wa ncha zake, ambao kwa kipenyo cha milimita 84 huwa karibu milimita 0.3, hupimwa kwa fila geji.

Kuongeza kompresheni kupita ile ya kiwandani ni habari nyingine. Injini za awali za 404 zilikuwa na uwiano wa 7.2 kwa 1, maana yake silinda ya sentimita za ujazo 404.5 iliachiwa chemba ya karibu 65. Ili kufikia 8.3, ambao baadhi ya 404 za baadaye zilikuwa nao, chemba lazima ipungue hadi 55 hivi. Hedi ya aluminiamu inaweza kuchongwa ili kupata upungufu huo, lakini iliyochongwa hairudishiwi chuma chake, na petroli duni katika mbano mkubwa hulipuka kabla ya wakati na kuitoboa pistoni. Uamuzi wa kuiacha hedi kama ilivyo mara nyingi ni wa fundi bora.

Injini ikishafungwa, ringi mpya huhitaji kilomita mia kadhaa za mwendo wa wastani, zenye milima ya kiasi na zisizo na kukimbizwa, ili zikae kwenye slivu. Ndipo nati za hedi hukazwa upya kwa mpangilio wake, tapeti hupimwa, geji hufungwa tena silinda kwa silinda, na namba mpya huandikwa kando ya zile za kwanza, pamoja na tarehe na jina la mji, kwa ajili ya fundi atakayelipokea gari hilo baadaye.