Kugonga uma wa baiskeli na kusikiliza: kipimo kisichopima chuma

Umenunua baiskeli ya milimani ya mtumba, ya miaka ya 1990. Unataka kujua uma wake wa mbele ni wa kromoli au wa chuma cha bei rahisi. Fundi anauning'iniza, anaugonga kwa spana, anasikiliza. Ukilia "tiiing" ni kromoli, ukilia "tok" siyo. Wengi tunakiamini kipimo hiki. Tatizo ni kwamba hakijibu swali tulilouliza.

Mlio wa bomba unategemea ukakamavu wa chuma, densiti yake na umbo la bomba. Sasa basi, vyuma hivi viwili vina moduli ya Young ileile, karibu GPa 200, na densiti ileile, karibu gramu 7.85 kwa sentimita ya ujazo. Mabomba mawili yenye umbo sawa yatalia karibu sawa! Unachosikia ni unene wa kuta, umbo, na hata mahali ulipoushika.

Na uzito je? Hapo fundi ana nusu ya ukweli. Kromoli si nyepesi, ila ina nguvu zaidi, kwa hiyo mtengenezaji anaweza kutumia kuta nyembamba. Uma mwepesi ni dalili tu, si ushahidi. Sumaku hainasaidii chochote, maana inanasa vyote viwili. Stika ya fremu nayo isome vizuri: mara nyingi inataja mabomba matatu ya fremu tu, uma haumo.

Ufanye nini? Chomoa uma, futa grisi, kagua bomba linalopanda kuelekea kwenye usukani. Watengenezaji kama Tange wa Japani walikuwa wakigonga mhuri hapo. Ukiwa na rafiki kwenye maabara yenye kifaa cha kupima metali kwa eksirei, kromoli ya aina ya 4130 itaonyesha kromi karibu 1% na molibdeni karibu 0.2%. Ila akwangue kwanza hadi chuma chenyewe. Uma uliopakwa kromi ya kung'aa utamdanganya, atakuwa anapima pambo.

Kwa nini tunalishupalia jambo dogo hivi? Kwa sababu mtu akishaambiwa "hii kromoli, haina shida," anaacha kukagua. Na hizo kuta nyembamba ndizo zenye chuma kidogo cha kuliwa na kutu, tena kutu ya ndani usiyoiona. Uma ukikatika kwenye mteremko, unatangulia uso.

Kwa hiyo kagua pale bomba la juu linapoungana na miguu ya uma, na pale miguu inaposhika ekseli. Ukiona ufa, rangi iliyopasuka kwa mstari au kutu iliyochimba, achana nao, hata kama unalia kama kengele.