Hesabu bila intaneti: jaribio la Tanga lilivyofanyika

Anayetaka kuingiza teknolojia kwenye somo la hesabu aanzie Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017, shindano la Global Learning XPRIZE lilifanya huko jaribio la miezi 15: je, mtoto aweza kujifunza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa Kiswahili akiwa na kishikwambi tu, bila mwalimu? Programu za timu tano zilizofika fainali ziliwekwa kwenye vishikwambi vya Pixel C vilivyotolewa na Google, vikagawiwa kwa watoto karibu 3,000. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga shule.

Tatizo la umeme lilitatuliwa kwa vituo vya kuchaji kwa nguvu ya jua vijijini. Intaneti haikuhitajika, maana masomo yote yalikuwa ndani ya kifaa. Kizuizi kigumu zaidi kilikuwa cha ufundishaji: asiyejua kusoma atayasomaje maelekezo ya swali? Hapo sauti ya Kiswahili ilitoa maelekezo, naye mtoto akajibu kwa kugusa kioo.

Ila faida kubwa kwa hesabu ni usahihishaji wa papo hapo. Mwanafunzi anayejumlisha 34 na 27 akapata 51 amesahau kupeleka 1 kwenye makumi. Daftari likisahihishwa kesho, atakuwa amelirudia kosa hilo katika maswali yote ya zoezi. Programu iliyoundwa vizuri humsimamisha palepale na kumrudisha hatua moja nyuma, huku mwenzake aliyeelewa akisonga mbele.

Mei 2019, timu mbili kati ya hizo tano, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni, idadi ya wasioweza ilipungua kwa takriban nusu, na hesabu pia ziliimarika.

Matokeo hayo yana mipaka. Kuhesabu na kujumlisha hugawanyika katika hatua ndogondogo. Kujenga hoja ya jometri au kubuni jaribio la fizikia kunahitaji mwalimu wa kuhoji na kubishana naye.

Baada ya Sensa ya 2022, serikali ya Tanzania iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu. Programu za fainali nazo zilitolewa bure, pamoja na msimbo wake. Vifaa tunavyo; kilichobaki ni vyuo vya ualimu kuwafundisha walimu kuchagua programu inayosahihisha kosa, siyo inayopamba kioo tu.