Juu ya Maneno ya Kuwataja Wasemaji

Msemaji, mlumbi, mropokaji, mpayukaji na domokaya hufasiriwa mara nyingi kwa namna moja, yaani mtu asemaye sana, kana kwamba ni majina matano ya mtu mmoja. Fasiri hiyo haitoshi, na mahali pafaapo kuupimia upungufu wake ni Dodoma, uliko ukumbi wa Bunge la Tanzania, ambamo kusema ndiyo kazi yenyewe.

Humo mtu akiitwa msemaji hanung'uniki. Jina hilo limekwisha kuwa cheo, kama lilivyo katika Msemaji Mkuu wa Serikali. Akiitwa mropokaji, ataomba neno hilo lifutwe, na Kanuni za Kudumu, zikatazazo lugha ya kuudhi, zitakuwa upande wake. Na huenda watu hao wawili wamesema kwa muda ule ule! Basi kinachopimwa si wingi wa maneno. Kuropoka ni kusema pasipo kufikiri. Kupayuka ni kusema kwa kelele pasipo kiasi. Ama domokaya, huyo huenda akawa mtu wa maneno machache kabisa, ila moja katika hayo machache ni siri ya mwenziwe. Kumweka katika fungu la wasemao sana ni kumkosea maana.

Sarufi nayo ina lake. Msema hutaka neno la kumtimiza, kama msema kweli au msema ovyo. Msemaji hujitosheleza, kwa kuwa kiishio -ji chaonyesha mazoea. Mdomo ukiondolewa m- ya mwanzo huwa domo, na ukubwa huo ni wa dharau.

Mlumbi ndiye asifiwaye waziwazi. Lakini mifano itolewayo humfanya mwanamume karibu kila mara. Mwanamke mwenye ufasaha ule ule huambiwa ana kidomodomo. Hilo ni kosa la wasemao, nalo halifai kuingizwa kamusini kama kwamba ni maana ya neno.

Uwanda huo wa kati wajua thamani ya maneno mengi tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara itokayo pwani ilitozwa hongo na watemi wa Ugogo, na mashauri yake yaliweza kuchukua siku kadhaa. Aliyejua kusema na kusema tena hakuwa kero hapo. Huenda ndiye aliyepunguza doti za nguo zilizodaiwa.

Kwa Kigogo, kama kwa lugha kadhaa za jirani, kusema ni kulonga. Mtu aweza kutamani kulinasibisha na neno hilo longolongo la Kiswahili, lenye maana ya maneno ya hila yasiyo na mwisho. Mfanano wa sauti haujawa ushahidi, na ingekuwa ajabu kitenzi kisicho na lawama yoyote kwao kibebeshwe lawama ya wengine.