Kofia Zinazosikia

Anayetaka kuona fundi wa riwaya akiwa kazini, aifungue sura ya kwanza ya Howl's Moving Castle na aisome polepole. Diana Wynne Jones, mwandishi Mwingereza aliyefariki mwaka 2011, aliitoa mwaka 1986. Ni riwaya ya uchawi na mapenzi, nami nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifuata kisa. Mara mbili za baadaye nilifuata mikono ya mshonaji.

Sophie ni binti wa kwanza kati ya mabinti watatu, katika nchi ya kubuni iitwayo Ingary. Huko inajulikana kwamba bahati ni ya kitinda mimba. Mzaliwa wa kwanza akitoka kutafuta maisha, huharibikiwa. Sisi tuliolelewa kwa paukwa-pakawa kanuni hiyo si ngeni kwetu. Katika kisa cha Sultani Majnuni, kimojawapo cha ngano za Zanzibar alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870, anayefaulu ni mtoto wa saba, baada ya kaka zake kushindwa.

Sophie ameiamini kanuni hiyo, akajikalia dukani akitengeneza kofia. Kwa upweke huzungumza nazo. Moja anaiambia kuwa ina moyo safi, na kwamba mtu wa cheo ataupenda. Msichana anayeinunua anatoroka na mwenye cheo kweli.

Msomaji anatabasamu na kufungua ukurasa. Kumbe hapo ndipo uzi wote ulipopigwa fundo. Ulimi wa Sophie una uchawi, na mwenyewe hana habari. Jones hatuambii, anaziacha kofia zifanye kazi, sisi tukidhani ni porojo za dukani. Jambo linapokuja kutajwa waziwazi, sura nyingi baadaye, unarudi nyuma na kukuta ushahidi wote ulikuwa mezani.

Kisha mchawi mwenye hila anamgeuza Sophie kikongwe. Uzee huo unampa kitu alichokikosa ujanani: ujasiri wa kusema. Anajikaribisha katika ngome ya Howl, mchawi kijana anayesemekana kula mioyo ya wasichana, na kujipa kazi ya usafi.

Tazama kisa cha bafuni. Katika kusafisha, Sophie amevuruga chupa na vikopo vya Howl. Howl anatoka amechachamaa, nywele zake zimeingia wekundu ambao wenzake ni vigumu hata kuuona. Anajiinamia kitini, na ute wa kijani unaanza kumtoka na kutiririka sakafuni. Bibi anamkaripia kama mtoto, kisha kwa msaada wa Michael, mwanafunzi wa Howl, anamkokota kumrudisha bafuni. Anaapa kuhama nyumba ile. Hahami.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Jones anatusikilizisha kikohozi hicho kitabu kizima bila kukitaja jina. Kipo katika kugombezana, katika suti inayoshonwa, katika kifungua kinywa kinachokaangwa juu ya Calcifer, jini la moto lililofungwa mekoni kwa mapatano na Howl. Sophie na Howl wanafahamiana kwa tabia zao mbaya kwanza, na ndiyo sababu tunawaamini wanapopendana.

Lakini mshono ninaoustaajabia kuliko yote unaonekana karibu na mwisho. Howl alijua siku nyingi kwamba kikongwe yule ni msichana. Alijaribu kimyakimya kumfungua, uchawi ukagoma, hata akaona kwamba Sophie mwenyewe anaupenda uzee ule. Ulimi ule ule ulioipa kofia bahati ndio uliokuwa ukimwambia mwenyewe, miaka yote, kwamba yeye ni mkubwa na hana lake. Kofia zilisikia. Naye alisikia.

Waandishi wengi wa mapenzi hutafuta kizuizi nje: baba mkali, vita, mpinzani mwenye mali. Jones alikiweka kinywani mwa msichana, na dawa akaiweka papo hapo. Kwa hilo namhesabu miongoni mwa mafundi wakubwa wa aina hii.

Ukikimaliza kitabu, usikirudishe rafuni. Rudi sura ya kwanza, usome Sophie anavyoziambia kofia, kisha usome anavyojiambia mwenyewe.